Kuanzishiwa uchungu kwenye wiki ya 41: uzoefu wangu

Wiki ya 40 ilipita kimya, ya 41 ikatimia, mtoto hana habari. Daktari wa kliniki akaniambia maji ya mtoto yameanza kupungua, na mimba ikizidi hapo hatari ya mtoto kufia tumboni inapanda. Nilazwe, nianzishiwe uchungu. Niliogopa sana, maana mtaani nilishasikia kwamba ukianzishiwa lazima uishie kwenye kisu. Mimi nimejifungua kwa njia ya kawaida, tena kwa mimba ya kwanza.

Ilikuwa hospitali ya serikali hapa Dar es Salaam. Jina naliacha kwa sababu nina sifa na nina malalamiko.

Sifa kwanza. Nilipimwa njia, ikakutwa bado ngumu. Mkunga akachukua kidonge kimoja cha misoprostol, dawa ya kulainisha njia na kuanzisha uchungu, akakiyeyusha kwenye mililita 200 za maji, akatikisa chupa, akanipimia mililita 25 kwa bomba la sindano nikanywa. Kila baada ya saa mbili alirudi, akatikisa tena, nikanywa tena. Nikamuuliza kwa nini nisimeze kidonge yakaisha. Akasema, "Mama, hiki kina mikrogramu 200, wewe unahitaji 25. Nikikikata kwa wembe vipande havitalingana, na dawa ikizidi mfuko wa uzazi unaweza kupasuka." Na hakunipa hata mara moja kabla ya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Alinieleza kwamba anataka yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Jirani yangu wodini aliletewa na ndugu zake chupa ya dawa ya mizizi ya kuharakisha uchungu, wakataka na mimi nionje. Jamani, msinywe. Nimeona kwa macho yangu jinsi dawa ya hospitali inavyopimwa kwa tone. Ile ya chupa nani anajua ina nguvu kiasi gani?

Njia ilipogoma kufunguka zaidi ya sentimita nne, wakasubiri saa kadhaa tangu dozi ya mwisho, ndipo wakanitundikia dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza nguvu ya uchungu, maana dawa hizi mbili hazipewi kwa pamoja. Sitawadanganya, uchungu wa dripu ni mkali. Unabana kiuno na mgongo kwa pamoja, unaachia kidogo tu, unarudi. Kuna wakati ulikuja mfululizo, sipati hata nafasi ya kuvuta pumzi, na mapigo ya mtoto yakaanza kushuka. Mkunga alifunga dripu palepale, akanilaza ubavu wa kushoto, akabaki ameweka kifaa tumboni mwangu hadi mapigo yakarudi. Alipokuja kuifungua tena alianza na matone machache, anayahesabu huku anaangalia saa. Yule mama Mungu ambariki. Binti yangu alilia mara tu alipotoka, nami nikachomwa sindano ya paja ya kuzuia damu isitoke nyingi.

Sasa malalamiko. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kazi hii inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima. Nilikuwa najiona nimeshindwa, kumbe ndivyo ilivyo kwa wengi, hasa mimba ya kwanza. Dawa ya kupunguza maumivu sikupewa wala sikuulizwa kama naihitaji. Lililoniuma zaidi, mama yangu alizuiwa getini usiku kucha. Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi awe na mtu wake anayemchagua wakati wa uchungu, na mimi nilikuwa nashika chuma cha kitanda. Pazia tu kati ya vitanda lingetosha kumruhusu aingie.

Mimba nyingine nikiipata nitarudi kwa wakunga walewale, ila hilo la mama nitaliuliza tangu kliniki, kabla sijafungasha kanga.