I-94 au Barabara 46: kuvuka North Dakota kutoka Fargo

Ukitoka Fargo, mji wa mashariki mwa jimbo la North Dakota nchini Marekani, kuelekea magharibi, una njia mbili zinazokwenda karibu sambamba. Barabara kuu ya I-94 inapita Valley City na Jamestown hadi Bismarck. Kusini yake iko Barabara 46 ya jimbo, inayopita Kindred na Enderlin na kuishia karibu na Streeter.

Mwenye haraka asijisumbue kufikiri: I-94. Vituo vya mafuta na hoteli havikosekani, na pale Jamestown kuna nyati mkubwa wa zege aliyejengwa 1959, watoto humpenda.

Mimi lakini ningechagua 46. Ina njia moja tu kila upande na imenyooka kwa makumi ya kilomita, kwa kuwa ardhi ya huku ilipimwa kwa miraba ya maili moja na barabara zikafuata mistari hiyo. Upande wa mashariki ni tambarare tupu, sakafu ya ziwa la kale la Agassiz lililotokana na barafu iliyoyeyuka. Ghafla barabara inashuka bonde la mto Sheyenne, penye miti na bustani ya Little Yellowstone. Mbele zaidi ni vidimbwi vingi, na bata wa kutosha.

Majira ya baridi nabadili msimamo: tufani ya theluji ikivuma, ukikwama kwenye 46 msaada utachelewa. I-94 nayo hufungwa hali ikizidi.

Ukifika Streeter, Barabara 30 kuelekea kaskazini itakurudisha I-94 karibu na Medina.