Jezi ya Mayele namba 9 niliyoprintiwa Kariakoo, kazi safi sana

Wakuu nimechukua jezi ya Yanga ya kijani, mgongoni MAYELE (yule straika wetu wa zamani) na 9, kwenye kaduka kamoja Kariakoo wanakobandika majina, na kwa kweli nimeridhika. Jamaa kapima kwanza kwa rula toka kwenye kola ndo akabandika kwa mashine ya moto, herufi zimekaa mstari mmoja, nimeshafua mara kibao na hata mkia wa ile Y haujabanduka. We geuza ndani nje, maji ya baridi, pasi usiguse kabisa.

Mbona Mayele wakati kashaondoka? Kwa sababu huyu mtu alivyotoka AS Vita ya Kongo 2021 kelele nyingi zilikuwa za beki Djuma Shabani aliyetoka nae huko, yeye wengi hata hawakumjua, halafu msimu wa kwanza tu akaweka mabao 16 kwenye ligi, unaofuata 17 akagawana kiatu cha mfungaji bora na Saido wa Simba, akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na akafunga pale kwa Mkapa tulipolala 2-1 na USM Alger, nchi nzima mpaka watoto wa chekechea wanatetema, ile staili yake ya kushangilia. Akaenda Pyramids ya Misri, na Juni 2025 akafunga kwenye fainali wakaipiga Mamelodi na ubingwa wa Afrika wakabeba, mi hiyo jezi naivaa kifua mbele.

Shida ni saizi, L yao inabana mabegani, wenye mwili chukueni XL. Nyota nne.