TAHADHARI: "Tuzo ya kimataifa" ya riwaya za fantasia inayokula hela za waandishi

Ndugu waandishi, hasa ninyi mnaojichapishia riwaya za majini, wachawi na falme za kubuni: kuna watu wanapita kwenye barua pepe na WhatsApp wakijiita waandaaji wa tuzo ya fantasia. Ni matapeli. Mimi wamenifuata, na dada mmoja wa Mwanza wameshamla zaidi ya laki tatu. Naandika kwa ruhusa yake. Jina wanalolitumia silitaji kwa sababu wameliiba kwa kulifananisha na la tuzo halali, na wenye tuzo hiyo hawana kosa.

Wanaanza kwa sifa. Riwaya yangu inahusu majini wa mapango ya Amboni, na maelezo ya jalada la nyuma yanasema hivyo. Barua yao iliyarudia maelezo hayo karibu neno kwa neno, kisha ikanipongeza kwa "jinsi ulivyomchora joka". Kitabu changu hakina joka hata moja! Siku hizi barua ya namna hiyo inaandikwa na akili mnemba kwa dakika moja, ikatumwa kwa mamia ya watu. Ukisifiwa, muulize anayekusifu ni mhusika gani alimgusa na katika sura ipi. Mimi niliuliza. Jibu lililokuja lilikuwa namba ya kulipia.

Ada ni dola 45 kwa kila kipengele, na vipengele havina mwisho: fantasia, kitabu cha kwanza, jalada bora, sauti mpya ya Afrika. Yule dada aliambiwa kitabu chake kinafaa vitatu, akalipia vitatu. Kesho yake akaambiwa ameshinda. Riwaya ya kurasa mia nne, usiku mmoja! Ndipo wakadai hela ya medali, ya vibandiko vya dhahabu vya kubandika kwenye jalada, na ya usafirishaji. Alipositasita wakamwambia nafasi yake itapewa mwingine ikifika saa sita usiku. Hela zote zilikuwa zinakwenda kwenye laini ya simu ya mtu binafsi, na jina linalotokea wakati wa kutuma halihusiani kabisa na tuzo.

Linaloniumiza kuliko ada ni fomu yao. Katikati ya maandishi madogo kuna kifungu kinachosema mshiriki anawapa haki zote za kitabu, pamoja na tafsiri, sauti na filamu, milele, awe ameshinda au ameshindwa. Na wanataka faili la Word, siyo PDF. Mtu akiwa na faili hilo anabadilisha jina la mwandishi na jalada, jioni kitabu chako kiko Amazon kwa jina jingine. Shindano la kweli linahitaji ruhusa ya kukisoma kitabu, kukitangaza na pengine kunukuu kipande. Haki zinabaki kwako.

Ili mpate cha kulinganisha: Self-Published Fantasy Blog-Off, shindano aliloanzisha mwandishi Mark Lawrence mwaka 2015, hupokea riwaya 300 zilizochapishwa na waandishi wenyewe na kuzigawa kwa makundi 10 ya wahakiki, kila kundi vitabu 30. Hakuna ada ya kuingia wala fedha za zawadi, na wahakiki wanajulikana kwa majina. Kwetu, Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa hadharani tarehe 13 Aprili 2023, na fedha zilitoka kwa tuzo kwenda kwa mwandishi. Sikatai, yapo mashindano halali yanayotoza ada. Lakini hayo hutaja majaji wake, na washindi wa miaka iliyopita unaweza kuwapata ukawauliza.

Kama umeshatuma hela, pigia kampuni yako ya simu sasa hivi, kabla haijatolewa kwa wakala. Usifute meseji wala risiti za muamala. Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu Tanzania, pamoja na namba yake, kisha nenda polisi ufungue jalada. Kama umetuma faili, waandikie kwamba unaondoa kitabu na hukubali kifungu cha haki. Hata wasipojibu, unabaki na ushahidi wenye tarehe. Kisha kisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kama bado, na kila baada ya muda tafuta mtandaoni sentensi mbili tatu za kitabu chako.

Dada wa Mwanza ameshafungua jalada. Aliyepata barua ya aina hii, hata kama hakulipa, anitumie picha za mazungumzo na namba aliyopewa. Nitamfikishia, naye atazipeleka kwa mpelelezi.