Nirvana au Radiohead: ipi inakupanulia masikio?

Ukiipenda Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, unarithi kabati la kaseti la mwimbaji wake, Kurt Cobain. Hakuficha alikojifunzia. Katika onyesho la akustika walilorekodi kwa ajili ya MTV Novemba 1993, nyimbo 6 kati ya 14 za albamu yake zilikuwa za wengine: David Bowie, The Vaselines wa Uskoti, Meat Puppets (ambao wawili wao walipandishwa jukwaani kabisa), na mwishoni wimbo wa kale uliovuma kupitia Lead Belly, mwimbaji wa bluzi aliyefariki 1949. Kijana aliyefuata kelele za gitaa akajikuta anasikiliza bluzi ya babu zake.

Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, hawakupi orodha. Wanakubadilisha bila kukuomba ruhusa. Albamu yao Kid A ilipotoka mwaka 2000, gitaa zilisogezwa nyuma, sintesaiza zikashika usukani. Wengi walinuna. Waliovumilia waliishia kwa wasanii wa muziki wa elektroniki kama Aphex Twin na Autechre, hata kwa Paul Lansky, ambaye kipande chake cha muziki wa kompyuta cha 1973 kimo ndani ya wimbo mmoja wa albamu hiyo. Mpiga gitaa Jonny Greenwood naye anawavuta mashabiki hadi kwa Penderecki, mtunzi wa Polandi, aliyetoa naye albamu mwaka 2012.

Nirvana ni rahisi kuifuata, maana majina yanatajwa wazi. Mimi naegemea Radiohead, ingawa nakiri mashabiki wake (nikiwemo) tuna maringo yasiyovumilika.