Vitabu nilivyosoma mwaka huu, na kipi ukinunue kwanza

Mwaka unaisha, watu wanaposti viwanja na magari, mi ngoja niwape riviu ya vitabu maana ndo kitu nilichofanya sana mwaka huu. Niseme tu mapema, vile vya kujijenga, vya amka saa kumi alfajiri uwe tajiri, nilivipa nafasi mpaka kwenye mwezi wa tatu hivi nikaona vyote vinasema jambo moja, kinachobadilika ni jalada. Nikarudi kwenye riwaya za Kiswahili, zile ambazo shuleni tulikua tunazikimbiza kwa ajili ya swali la "jadili dhamira", na aisee huko ndo kuna mambo.

Namba moja bila ubishi ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzee wetu wa Unguja aliyechukua Nobel 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994 lakini hii ninayoisema ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Mkuki na Nyota waliitoa 2022, na Kiswahili chake kimenyooka, unasoma unasahau kabisa kama ilianzia kwenye lugha nyingine. Yusuf ana miaka 12, anapandishwa treni na tajiri anayemjua kama ndugu wa familia, dogo kafurahi anasafiri kumbe baba yake ana deni na yeye ndo malipo yenyewe. Hapo niliweka kitabu chini kwanza. Sababu nyumbani kwetu tuna dada wa kazi, na mshahara wake ulikua unatumwa kwa baba yake kijijini kila mwezi, ndo makubaliano, hakuna aliyewahi kuuliza. Nikamwambia mama hii haijakaa sawa, tukabishana wee mwisho akakubali, sasa hivi hela inaingia kwenye simu ya dada mwenyewe na anachotuma kwao anaamua yeye. Hakuna kitabu cha mafanikio kilichowahi kunifanya nibishane na mama yangu nikashinda.

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ni fupi ila inachoma. Baba mkali wa Ukerewe anamchunga binti kwa fimbo, binti akifika mbali na nyumbani hajui hata kuongea na mwanaume, kilichofuata msomeni wenyewe. Kilipigwa marufuku mashuleni enzi hizo, na kwa maoni yangu wazazi ndo walipaswa kulazimishwa kukisoma. Nina mdogo wangu wa kike yuko chuo, siku hizi akinipigia namsikiliza mpaka amalize ndo niongee, zamani nilikua naanza na onyo.

Kusadikika ya Shaaban Robert nayo nimerudia. Pale katikati inachosha kiukweli, wajumbe wanatumwa huku na kule na kila anayerudi anaishia jela, ukishasoma wawili unajua wa tatu atapatwa na nini. Lakini Karama akiwa kizimbani, anashtakiwa kisa anataka watu wafundishwe sheria, anavyojitetea bila kutukana mtu, daah. Nimemuiga kwenye vikao vya kazini, kidogo kidogo.

Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kama uliona filamu ya Amil Shivji ya 2021 ukaridhika, bado tafuta kitabu. Yasmin, mhusika mkuu, kwenye kitabu ana muda wa kukosea na kujirekebisha, filamu haiwezi kukupa yote hayo.

Bei sasa. Peponi mpya imechangamka kidogo, changishaneni hata watu watatu. Hizo nyingine za zamani pita kwa wale wanaotandika vitabu chini mjini Posta, Dar, ila fungua kurasa zote kabla hujalipa, kuna nakala unakuta mwisho umechanika, na kwa Rosa Mistika utalia mara mbili.