Jicho lenye uvimbe unaoshukiwa ni wa TB: matone peke yake ama dozi ya TB?

Mamangu hapa Malindi alianza na jicho jekundu, mwanga unamchoma, vidoadoa vyeusi vinaelea mbele yake kama nzi, akapewa matone ya steroidi na wiki mbili jicho jeupe pe, sote alhamdulillahi. Alipoacha tu likarudi. Hapo ndo shida ya matone peke yake, yanatuliza uvimbe lakini kama chanzo ni TB hayaiui, na ukiyazoea sana presha ya jicho yaweza kupanda, ama upate mtoto wa jicho.

Dozi ya TB nayo ni safari, kawaida miezi 6 ama zaidi: dawa 4 miezi 2 ya kwanza, halafu mbili tu. Hospitali za serikali hulipii dawa. Mkojo unakuwa rangi ya chungwa (mama alidhani damu, loh!). Steroidi mara nyingi daktari huzipanga pamoja na dozi. Mimi vipimo vikielekea TB nachagua dozi, ila ethambutoli, moja ya zile dawa 4, yaweza kuumiza mshipa wa fahamu wa jicho, rangi nyekundu na kijani zikianza kufifia rudi hospitali siku hiyohiyo. Mama kila asubuhi alikuwa anaikagua leso yake nyekundu, jicho moja moja.