Yume Nikki: gemu la bure, ila lina lugha yake

Gemu hili la mtunzi Kikiyama lilitoka Japani 2004, na tangu 2018 linapakuliwa bure kwenye Steam, duka la magemu mtandaoni. Laptop ya mtumba ya Kariakoo inalibeba bila kulalamika. Maelekezo ndani ni kiduchu, ndiyo maana mashabiki wana msamiati wao.

Nexus ni ukumbi wa milango 12 unapoanzia safari za ndotoni. Efekti ni vitu 24 vya kukusanya; anza na baiskeli, maana bila hiyo Madotsuki, msichana unayemwongoza, anatembea kama konokono. Kujifinya shavu ni kubonyeza 9 ili uamke. Toriningen, wanawake wenye midomo ya ndege, wakishikwa na kichaa na kukugusa wanakutupa pasipo na njia ya kutokea: jifinye, basi. Uboa, kiumbe wa kutisha, hutokea mara 1 kati ya 64 ukizima taa nyumbani kwa Poniko, msichana wa ndotoni. Kuchosha kweli!

Kasoro kubwa kwa Dar: gemu halijihifadhi lenyewe. Lazima uamke, ukae mezani, uandike kwenye shajara. Umeme ukikatika kabla ya hapo na betri imechoka, efekti mpya zote zimepotea.

Ukilimaliza, hamia Yume 2kki, fangemu (gemu la mashabiki) ya 2007. Nayo ni bure.